Xbox 360 ya zamani haina Wi-Fi: ninunue kifaa gani ishike ruta ya ndani?

Mtu wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua Xbox 360 ile ya kwanza, nyeupe, nene. Nyuma ina tundu la kebo ya mtandao lakini Wi-Fi haina. Ruta ni ya 4G, ya kuweka laini ya simu, iko sebuleni. Xbox iko chumba cha nyuma na katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe.

Je, zile USB ndogo za Wi-Fi za kompyuta zinazouzwa Kariakoo zitafanya kazi? Kama hazifai, nitafute nini? Na nikishaunganisha, kuna mpangilio wowote wa kufanya ili niweze kucheza na wenzangu mtandaoni? Mashine haijachipiwa, yaani haijachezewa isome gemu za kunakili, inasoma diski halali tu.

Fundi Mitandao

Karibu mkuu. Hizo USB za kompyuta usinunue hata moja. Kifaa cha Wi-Fi hakifanyi kazi bila draiva, ile programu inayoifundisha mashine kuongea na chipu iliyomo ndani. Kwenye kompyuta unaweka draiva unayotaka. Kwenye Xbox 360 huwezi, zimo za adapta za Microsoft basi. Ukichomeka USB nyingine itapata umeme, taa yake huenda ikawaka, lakini kwenye menyu ya mtandao hutaona chochote. Kwa hiyo muuzaji asikuridhishe kwa kukuonyesha taa. PS3 na PS4 nazo zina tabia hiyo hiyo, hazipokei USB za Wi-Fi za kompyuta.

Toleo lako nene lilitoka mwaka 2005. Jembamba la mwaka 2010, linaloitwa S, na la mwaka 2013, linaloitwa E, yana Wi-Fi ndani. Nalitaja hili kwa sababu ukikuta S iliyotumika kwa bei nafuu, linganisha kwanza na bei ya adapta. Mara nyingine adapta peke yake inauzwa kwa bei isiyo na maana.

Ukibaki na hiyo uliyonayo una njia mbili: adapta asili ya Microsoft, au ruta ndogo itakayoshika Wi-Fi ya sebuleni na kuipeleka Xbox kwa kebo fupi. Mimi nasimama na ya pili, nitaieleza hapo chini.

Pedi Mbili

Ngoja nimalize habari ya adapta asili, maana bado zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika. Ziko aina mbili. Yenye antena moja ndiyo ya zamani, inashika a, b na g, matoleo ya zamani ya Wi-Fi. Yenye antena mbili imeongezewa n, toleo jipya kuliko hayo, na kwa kuta mbili za saruji hiyo ndiyo ya kutafuta. Usilipe kabla haijachomekwa kwenye Xbox 360 nene na ukaona kwa macho yako orodha ya majina ya Wi-Fi kwenye skrini.

Inabanwa mgongoni mwa mashine, waya wake unaingia tundu la USB la nyuma. Kebo ya mtandao ichomolewe kabisa, mashine ikiihisi inaacha kutafuta Wi-Fi. Kisha bonyeza kitufe kikubwa cha katikati ya pedi, nenda Settings, System Settings, Network Settings, chagua jina la ruta yako, andika neno la siri, malizia na Test Xbox Live Connection, kipimo cha Xbox Live, huduma ya Microsoft ya kucheza mtandaoni.

Adapta isipoonekana, mara nyingi mfumo wa mashine ni wa zamani sana. Pakua faili la kusasisha kutoka tovuti ya Xbox, lifungue, utapata folda iitwayo $SystemUpdate. Iweke kwenye flashi moja kwa moja, isiwe ndani ya folda nyingine, na flashi iwe imefomatiwa FAT32, namna ya kupanga faili ambayo Xbox inaisoma. Hapo ndipo wengi wanakwama: flashi za GB 64 na kuendelea kwa kawaida zinakuja na exFAT, na Xbox 360 haisomi exFAT. Tumia ya GB 32 au chini. Chomeka, washa mashine, itakuuliza yenyewe kama isasishe.

Kwa upande wa ruta, usalama (aina ya ulinzi wa neno la siri la Wi-Fi) uwe WPA2 yenye AES. Ukiweka WPA3 peke yake, adapta ya umri huu haiingii, na huenda Xbox ikakuambia neno la siri si sahihi wakati liko sahihi. Chaneli, ile namba ya masafa ambayo Wi-Fi inatumia, usiiache kwenye 12 au 13, mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazizioni. Ukiwa na adapta ya antena moja hakikisha pia ruta haijafungwa kwenye n pekee.

Fundi Mitandao

Sasa ruta ndogo. Nachukua mfano wa TP-Link TL-WR802N, ni kadogo kuliko pakiti ya sigara, ila ruta yoyote yenye modi ya Client, ya kupokea Wi-Fi na kuitoa kwa kebo, inafaa. Uzuri wake ni kwamba Xbox haijui kama kuna Wi-Fi. Inaona kebo tu, hivyo draiva na WPA haviihusu. Kesho ukinunua PS2 yenye tundu la mtandao, au televisheni isiyo na Wi-Fi, unahamisha kebo hiyo hiyo.

Umeme wake ni volti 5, ampea 1, kwa waya wa micro-USB. Tumia kichwa cha chaja ya simu. Usiichomeke kwenye USB ya Xbox hata kama inawaka: tundu la USB 2.0 limepangiwa nusu ampea, na ruta ikianza kutuma kwa nguvu umeme unapungua, inajizima na kuwaka upya katikati ya gemu. Utadhani tatizo ni bando.

Iwashe, chukua simu, shika Wi-Fi yake kwa jina na neno la siri lililoandikwa kwenye kibandiko cha chini. Zima data ya simu, la sivyo simu itaona Wi-Fi hiyo haina intaneti na kukimbilia laini. Fungua kivinjari, andika tplinkwifi.net, ingia kwenye Quick Setup na uchague Client. Itatafuta mitandao iliyo karibu, chagua ya kwako, andika neno la siri la ruta ya sebuleni, hifadhi, iache iwake upya. Kisha kebo fupi kutoka kwake hadi tundu la nyuma la Xbox, na Xbox ibaki kwenye mpangilio wa Automatic.

Zingatia mambo haya. Ikishakuwa Client haitangazi tena Wi-Fi yake, usishtuke ukiikosa kwenye simu. Ukitaka kubadilisha kitu ingia kwa kebo kutoka kwenye laptopu, au bonyeza reset uanze upya. Halafu inashika GHz 2.4 tu, kwa hiyo kama mtu aliizima 2.4 kwenye ruta ya sebuleni akabakiza 5, haitaiona.

Modi iitwayo WISP au Hotspot iepuke. Inafanya kazi, lakini kifaa kinakuwa ruta ya pili nyuma ya ruta, na kila ruta inatafsiri anwani, zile namba za vifaa kwenye mtandao, kwa namna yake. Tafsiri hiyo ndiyo NAT. Wenzako watashindwa kukufikia. Mbaya zaidi, zote mbili zikitumia anwani zinazoanza na 192.168.0, kifaa hakijui kipeleke wapi na intaneti haipiti kabisa. Client inaiacha Xbox kwenye mtandao ule ule wa sebuleni.

Pa kukiweka: juu, karibu na mlango, si nyuma ya televisheni. Friji, kioo kikubwa cha kujitazamia na geti la chuma vinakula mawimbi kuliko tofali. Na kwa nyumba zilizobanana kama Tabata au Sinza, pakua programu ya simu ya kupima Wi-Fi uone majirani wamejaa chaneli ipi, kisha weka ruta yako kwenye 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, upana wa MHz 20. Ukiweka MHz 40 unajiongezea kelele za majirani bila faida yoyote kwa gemu.

kebo_shaba

Kwa heshima zote, kabla hajatumia hela kwenye vifaa vya Wi-Fi, afikirie kebo. Kuitoboa nyumba si lazima. Kebo inapita juu ya dari, au inafuata kona ya ukuta na sakafu ndani ya tranki ya plastiki ya kubandika. Kiwango cha Ethernet kinaruhusu mita 100, na nyumba ya kupanga haimalizi hata 25. Tundu la Xbox 360 lina kasi ya Mbps 100, kwa hiyo kebo ya daraja la Cat5e inatosha, usiuziwe Cat6, daraja la juu yake, kwa maneno.

Cha kukagua dukani ni shaba. Kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona ndani ni nyeupe, ni alumini, inakatika ikikunjwa na upotevu wake ni mkubwa kwenye masafa marefu. Vichwa vya RJ45 vibanwe kwa mpangilio mmoja pande zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwa Mbps 100 zinazofanya kazi ni namba 1, 2, 3 na 6, kwa hiyo Xbox ikisema hakuna kebo, anza kuangalia pini hizo.

Mtu wa Tabata

Nashukuru sana wakuu. Dari ni gypsum na mwenye nyumba ndiye mwenye funguo za juu, kwa hiyo naelekea kwenye ruta ndogo. Nina laptopu yenye Wi-Fi na tundu la kebo, je, naweza kuitumia kwa muda wakati natafuta kifaa? Na hiyo NAT mtu anipe mwanga, maana ruta ni ya laini ya simu.

bintimsasani

Laptopu inaweza, kaka. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia kwenye Wi-Fi, Properties, Sharing, weka tiki kuruhusu wengine watumie na uchague Ethernet. Xbox itapewa anwani inayoanza na 192.168.137. Ni njia ya dharura, maana laptopu nayo inatafsiri anwani, shida ile ile aliyoeleza Fundi kuhusu WISP.

NAT ina madaraja matatu kwenye Xbox. Open anacheza na yeyote. Moderate anacheza na Open na Moderate. Strict anaweza kuunganika na Open peke yake, ndiyo maana unaona vyumba vya gemu lakini huingii, au unaingia na husikii sauti za wenzako. Kinachotakiwa ni bandari (milango ya data yenye namba) ya 3074, UDP na TCP, namna mbili za kusafirisha data, pamoja na UDP 88, ziweze kupokea kutoka nje. Ingia kwenye ruta ya sebuleni uwashe UPnP, inayoiruhusu Xbox ijifungulie bandari yenyewe, zima na uwashe Xbox, upime tena. Ukifungua bandari kwa mkono, kwanza ipe Xbox anwani ya kudumu kwenye orodha ya DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani, la sivyo ikibadilika bandari inaelekea simu ya mtu mwingine.

Lakini kwa laini ya simu, angalia hili kabla hujahangaika. Kwenye ukurasa wa hali ya ruta soma anwani ya upande wa intaneti, iitwayo WAN. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, upo nyuma ya tafsiri ya mtandao wenyewe wa simu, wateja wengi wanagawana anwani moja. Hapo UPnP haisaidii wala kufungua bandari, kwa sababu mlango uliofungwa hauko nyumbani kwako. Ulizia mtandao wako kama wanatoa anwani ya umma kwa mteja wa nyumbani. Wasipotoa, mwenzako mwenye faiba na NAT iliyo Open ndiye afungue chumba cha gemu, wewe uingie kwake. Hiyo inapita hata ukiwa Strict.

Pedi Mbili

Nyongeza mbili za akaunti. Kama akaunti yako ya Microsoft ina uthibitisho wa hatua mbili, Xbox 360 haiwezi kukuuliza zile namba za kuthibitisha zinazokuja kwenye simu. Ingia kwenye tovuti ya akaunti, tengeneza neno la siri la programu (app password), andika hilo kwenye Xbox badala ya la kawaida. Pia duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Gemu ulizowahi kununua zinapakuliwa bado, na kucheza mtandaoni kunaendelea kwa gemu ambazo seva zake zipo, ila usiweke hela ukitarajia kununua mpya.

Kwa wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na mashine zilizochipiwa: msiiingize Xbox Live. Ikigundulika inafungiwa mashine yenyewe, na kufungiwa huko hakuondolewi. Chezeni kwa System Link, mashine mbili kwa kebo moja au zaidi kwa swichi.

Mtu wa Tabata

Ruta ndogo nimeipata, nimeiweka Client. Kwenye kipimo, mtandao umepita, intaneti imepita, imegoma kwenye MTU.

Fundi Mitandao

Uko karibu sana. MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti inayopita bila kukatwa, na Xbox Live inataka isiwe chini ya 1364. Kwenye ruta ya 4G, ukurasa wa WAN au wa mtandao wa simu, tafuta MTU. Ikiwa 1300 au namba yoyote iliyo chini ya 1364, weka 1400 kisha upime. Ikiwa iko juu tayari, angalia kama kuna VPN imewashwa ndani ya ruta, inaongeza vichwa vyake kwenye kila pakiti na kula nafasi. Ile ruta ndogo usiiguse, kwenye Client haihusiki na MTU.

Ukimaliza zima vyote vitatu, uwashe kwa mpangilio: ruta ya sebuleni kwanza, usubiri hadi taa ya 4G itulie, kisha ruta ndogo, Xbox mwisho. Fuata mpangilio huo kila umeme unapokatika na kurudi. Ruta ya 4G inachelewa kupata mtandao, Xbox ikiwahi kuomba anwani inakosa, na inabaki kuandika haijaunganishwa hadi uizime.