Tupeane uzoefu: dawa uliyojipa mwenyewe ikakugeuka

MzeeWaUmoja
Naanza mimi. Julai, ile baridi ya Nairobi inayoingia hadi kwenye mifupa, mafua yakanilaza. Kila kichwa kikigonga nameza Panadol mbili. Jioni, dawa ya mafua ya kukoroga kwenye maji moto. Halafu kemisti wa mtaani akanifungia vidonge vyeupe kwenye kibahasha, hakuna jina, kaandika tu "2x3". Siku ya tatu nikatapika, nikadhani ni mafua yamezidi. Binti yangu, ambaye husoma kila kitu hadi kibandiko cha mtungi wa gesi, alikusanya vyote akanirudisha navyo kwa kemisti. Kumbe zote tatu ni paracetamol! Nilikuwa nimepita vidonge 12 vya miligramu 500 kwa siku, na mwisho wa mtu mzima ni 8 kwa saa 24. Nikapelekwa kupimwa ini. Nilinusurika. Siku hizi kibahasha kisicho na jina la dawa sikipokei, anune asinune.

MamaPili_Kayole
Pole sana mzee. Yangu ni uji. Mtoto wa mwaka na nusu alivuta kikombe mezani, uji wa moto ukamwunguza mkono. Ploti nzima ikaja na tiba: huyu yai, huyu unga, huyu dawa ya meno. Nikapaka dawa ya meno mkono mzima. Kliniki, nesi ilibidi aioshe yote kwanza ndipo aone kidonda, na mtoto analia mpaka sauti inakauka. Akasema ni maji baridi tu yanayotiririka, dakika 20, barafu hapana. Nikamwambia kwetu maji ni ya mgao. "Jerikeni unayo? Jagi unalo? Basi mmiminie polepole." Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa.

Msafiri_Busia
Nilitoka mazishini Busia, kule kwenye malaria nyingi, wiki mbili baadaye homa. Kemisti akasema ni baridi, akanipa amoxicillin. Safari sikumtajia, naye hakuuliza. Nairobi malaria haimjii mtu akilini. Siku ya nne ndipo nikapimwa damu: malaria. Nikapewa AL, vidonge vya malaria, vinne vinne, jumla dozi 6 ndani ya siku 3, pamoja na chakula. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, hata ukiwa usingizini. Siku ya pili nikajisikia mzima nikataka kuacha. Mke wangu alisimama mlangoni na glasi ya maziwa, hakusema neno.

Dada_SouthC
ORS, ile ya unga ya kumkorogea mtoto anayeharisha: kuna pakiti ya nusu lita ya maji na ya lita moja. Mimi nilitia ya lita moja kwenye kikombe cha chai. Mtoto akazidi kuwa na kiu, nami nikazidi kumkorogea. Naandika hii kwa aibu.

MzeeWaUmoja
Usione aibu, dada. Mama Pili, mkono wa mtoto ulipona?

MamaPili_Kayole
Ulipona, imebaki alama ndogo karibu na kiwiko. Ila uji anaukataa mpaka leo.