Forester SJ5, X-Trail T32 au CX-5 ya dizeli: ipi inakula kidogo kweli njia ya Mbeya–Iringa, tukiweka katalogi pembeni?

MakambakoMjini
Wakuu, habari za jioni. Nina RAV4 ACA31, injini ya 2.4, nataka kuiachia. Naishi Makambako, kazi inanipeleka Mbeya na Iringa karibu kila wiki, kwa hiyo gari langu maisha yake ni lami. Katalogi ya Japani iliipa hii RAV4 kilomita 12 na ushee kwa lita. Mimi napata 10, nikikanyaga inashuka mpaka 9.

Sasa nikiingia mtandaoni wauzaji wananitajia hivi: X-Trail T32 ya 2.0 yenye 4WD, 16.0. Forester SJ5 ya 2.0, 16.0 hiyo hiyo. CX-5 ya dizeli 2.2 yenye 4WD, 18.0. Nikizichukua namba hizi kama zilivyo, nitajiona tajiri kabla ya kununua gari. Naomba wanaoziendesha huku kwetu waseme ukweli. Wa foleni za Mbezi leo mtusikilize tu.

Dereva_IT
Mkuu, hizi gari sisi tunaozipeleka boda ya Tunduma tunazijua kuliko wenye nazo. Ukikabidhiwa gari bandarini unapewa na hela ya wese la kufika mwisho wa safari. Ikibaki ni yako, ikipungua unachomoa mfukoni. Hakuna anayepima mafuta kwa uchungu kama dereva wa IT (in transit, magari yanayopita kwenda nchi jirani).

Kwa mwendo wetu, 80 mpaka 90, gari tupu, dereva peke yake: CX-5 ya dizeli inakupa 16, siku nyingine 17. Forester SJ5 inacheza 12.5 mpaka 13. X-Trail T32 humo humo, labda inaizidi Forester kidogo sehemu tambarare ya Igawa hadi Igurusi, halafu kwenye kupanda Inyala wanalingana. RAV4 yako kupata 10 ni sawa kabisa, usimsumbue fundi.

Ila ujue hizo namba ni za mwendo wa 80 mpaka 90. Kuna vijana wanaotembea 120 ikifika usiku, wakijua trafiki wenye tochi za kupima mwendo wamelala. Hao waulize watakwambia Forester inakula 9.

KihesaJuu
Dereva kamaliza kazi kwa vitendo. Acha niongeze kwa nini namba za katalogi haziendani na barabara yetu, maana watu wengi wanadhani Wajapani wanadanganya. Hawadanganyi. Walipima kitu kingine.

RAV4 yako ya ACA31 ilipimwa kwa utaratibu unaoitwa 10-15, ulioanza mwaka 1991. Gari linawekwa juu ya roli maabara, linafuata ratiba ya mwendo ambayo kasi ya juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa na wastani wake hauzidi 23. Hizo X-Trail, Forester na CX-5 unazotajiwa zilipimwa kwa JC08, uliofuata baadaye. Huo una kasi ya juu ya 81.6 na wastani wa 24.4. Wastani wa 24 kwa saa! Hiyo ni Tokyo yenye taa kila kona, siyo Mafinga–Makambako. Karibu theluthi ya muda wa kipimo gari limesimama kabisa. Kiyoyozi kimezimwa, na mzigo unaohesabiwa ni kilo 110, yaani kama watu wawili wembamba bila hata begi.

Kwa hiyo ukisikia "16.0" usiielewe kama namba ya barabara kuu. Ni namba ya mjini, tena mji wenye adabu. Kuna mambo yanayoivuta chini ukiingia lami ya Tanzam, hii barabara yetu ya Dar kwenda Zambia (upepo, mzigo, milima) na kuna mambo yanayoipandisha (husimami simami, injini iko kwenye joto lake muda wote). Ndiyo maana gari moja linaweza kukaribia katalogi na jingine likaachwa mbali.

Na hapa ndipo watu wanapopigwa kwenye kulinganisha. Forester na X-Trail zote zimeandikwa 16.0, lakini 16.0 hiyo ni ya matoleo yenye mfumo wa kuzima injini yenyewe ukisimama. Kwenye kipimo ambacho theluthi ya muda gari limesimama, mfumo huo unachuma alama nyingi. Wewe kutoka Makambako mpaka Uyole unasimama wapi? Mizani ya malori inakuhusu? Huko mfumo huo hauchumi kitu. Na magari mengi yakifika huku ule mfumo umeshakufa, kwa sababu betri yake maalumu ni ghali na mtu kaweka betri ya kawaida. Forester isiyo na mfumo huo iliandikwa pungufu, na barabarani huku haipishani na ile ya 16.0.

Kuanzia 2018 Wajapani wamehamia kipimo kipya kinachoitwa WLTC, na huko wanaandika namba tatu tofauti: mjini, pembeni ya mji, na barabara kuu. Siku bajeti yako ikifika kwenye gari za miaka hiyo, soma ile ya tatu.

Chimala_Kwanza
Mimi niliambiwa shida ni hewa nyepesi. Mbeya tuko juu, injini inakosa pumzi, ndiyo maana gari zinakula. Dar gari hilo hilo lina nguvu.

KihesaJuu
@Chimala_Kwanza nusu ya hiyo ni kweli. Mwinuko wa mita 1,700 hewa inapungua uzito kwa kama asilimia 15, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Utaiona kwenye kupanda: CVT (giaboksi otomatiki isiyo na hatua) inapiga kelele, gari halitoki. Lakini kupungua nguvu si kuongezeka ulaji. Hewa nyepesi inasukumwa kirahisi, na ukiwa kwenye mwendo mmoja tambarare gari la Mbeya linatakiwa kula kidogo kuliko la Dar. Kinachokula ni mlima wenyewe na mguu wa dereva anayetaka kulipita semitrela kwenye kona.

Na mlima unahesabika. Gari la tani 1.7 pamoja na watu, kulipandisha mita 1,000 kwenda juu kunahitaji karibu megajuli 17. Lita ya petroli ina kama megajuli 32, na injini nzuri ya petroli inageuza chini ya theluthi yake kuwa kazi. Piga hesabu: ni lita moja na robo tatu hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, juu ya yale mafuta ambayo ungetumia tambarare. Dar mpaka Mbeya tofauti ya mwinuko ni kama mita 1,700, yaani lita 3. Kama gari lako ni la 12 kwa lita kwenye kilomita 830, kwenda utapata 11.5 na kurudi 12.5. Gari lile lile, dereva yule yule.

Kwa hiyo mtu akija hapa kusema "yangu imenipa 13 kutoka Mbeya hadi Dar", mwulize na ya kurudi.

Dereva_IT
Ndiyo maana sisi hatuna bahati, sisi ni wa kupanda tu. Kurudi tunapanda basi 😂

MamaParachichi
Kaka zangu mnaongelea gari tupu. Mimi nina X-Trail T32, natoka Njombe na kreti za parachichi nyuma, viti vimelazwa, nyingine kwenye keria juu. Hiyo 13 ya Dereva sijawahi kuiona. Njombe–Makambako–Mbeya na mzigo napata 10.5, nikiwa mtupu 12. Nikatoa keria, nikawa napanga zote ndani, ikarudi kwenye 11 na kitu. Keria ikae juu na kitu au bila kitu, inakula. Na hapo simkimbizi mtu, nikikuta lori mbele kwenye kona za kushuka Igawa natulia nyuma yake.

Kingine ni upepo wa tairi. Baridi la Njombe asubuhi tairi inaonekana imelegea. Vijana wa sheli wanajaza kwa kukisia, wengine wanakuwekea kidogo wakisema gari "litakaa laini". Kibandiko cha upepo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, msome wenyewe.

FundiSoweto
Hapo kwa mama nakubaliana. Kwenye tairi niongeze hili: wengi mkileta gari mnabadilisha tairi mpate urefu wa njia za mashambani. X-Trail hiyo inakuja na 225/65 R17. Ukifunga 235/65, duara linakua kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo odo (mita ya kilomita) inasoma kilomita pungufu. Unalalamika gari linakula kumbe umetembea zaidi ya inavyoonyesha. Ukifunga zile za matope zenye meno, hapo linakula kweli, na kelele juu.

Na namba ya dashibodi msiiamini. Nyingi zinajipendelea. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, tembea, rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena mpaka likate. Gawanya.

Sasa nije kwenye CX-5, maana naona mkuu wa Makambako macho yameenda kwenye 16. Ulaji wake ni mzuri, sibishi. Dizeli yenyewe lita moja ina nguvu zaidi ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini ya dizeli inaitumia vizuri zaidi. Lakini dizeli za kisasa zote zina chujio la masizi kwenye ekzosi, linajichoma lenyewe gari likitembea mwendo mrefu. Mtu wa barabara kuu kama wewe halimsumbui sana. Linayemsumbua ni mwalimu wa hapa Mbeya mjini anayetoka Soweto kwenda Mwanjelwa na kurudi. Chujio halimalizi kujichoma, dizeli inayomwagwa kwa ajili ya kuchoma inateremka kwenye oili, unachomoa stiki unakuta oili imepanda badala ya kushuka. Ukiona hivyo kwenye gari unalokagua, ondoka kabla hujakaa kwenye kiti.

Oili yake ni ile maalumu ya gari lenye chujio. Nozeli zikifa, hiyo hela uliyookoa kwenye wese yote inarudi kwa mwenye duka la spea.

MakambakoMjini
Fundi, umenitisha kidogo. Nimefanya hesabu hivi: natembea kama kilomita 2,500 kwa mwezi. RAV4 kwa 10 ni lita 250. Forester au X-Trail kwa 12.5 ni lita 200. CX-5 kwa 16 ni lita 156. Kwa hiyo kutoka kwenye RAV4 kwenda petroli yoyote naokoa lita 50, na kuruka mpaka dizeli naongeza kuokoa 44. Bei za EWURA (mamlaka ya nishati) zinabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mara dizeli juu, mara petroli juu, kwa hiyo nahesabu lita tu.

KihesaJuu
Hesabu nzuri, ila ya 12.5 ni ya 90 kwa saa. Sema ukweli, unatembea ngapi?

MakambakoMjini
110 kukiwa wazi. Kwenye vijiji 50 kama kibao kinavyosema, faini ya elfu thelathini inauma.

KihesaJuu
Basi ujue toka 80 kwenda 110 upinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili. Na hizi SUV ndogo ni pana na ndefu kwenda juu, upepo unazipenda. Ukiwa mtu wa 110, weka Forester na X-Trail kwenye 11, CX-5 kwenye 14. Na ile RAV4 yako ya 10 ukiiendesha 90 kwa wiki kadhaa itakupa 11 na nusu bila kununua chochote. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kuagiza.

Chimala_Kwanza
Yaani asiye na hela ya gari jipya apunguze mguu. Hapo nimeelewa.

MamaParachichi
Kaka wa Makambako, kama barabara yako ni lami tupu, 4WD ya nini? Kuna X-Trail za 2WD, nyepesi kidogo, katalogi inazipa 16.4. Mimi natakiwa kuingia shambani mvua za masika, wewe unaingia ofisini.

MakambakoMjini
Dada, ukweni ni Ludewa, ndani ndani. Mwezi wa tatu huko usipokuwa na 4WD unalala njiani.

FundiSoweto
Ludewa masika, chukua Forester. Mfumo wake wa magurudumu manne unafanya kazi muda wote, na tumbo lake liko juu kidogo kutoka ardhini kuliko la X-Trail. Ulaji wanalingana, tumeshasema. Unapoikagua ondoa kifuniko uangalie upande wa chini wa injini kama inatoa jasho la oili, na uliza oili ya CVT ilibadilishwa lini na ni ya aina gani. Akikujibu "hiyo haibadilishwi", mpunguzie bei.

MakambakoMjini
Sawa fundi. Kwanza nakaa na 90 mwezi huu na RAV4, najaza sheli ya hapa Makambako kwenda Mbeya na kurudi, na nyingine kwenda Iringa na kurudi. Nitaweka namba zote mbili hapa. Kama kuna mwenye Forester SJ5 Iringa anayeweza kunionyesha gari lake Jumamosi, anicheki inbox.

Dereva_IT
Ukipita Nsalaga mpaka Ifisi kwenye ujenzi wa njia nne usiihesabu hiyo, pale hata baiskeli inakula mafuta.