Nusu saa kikobani kuhusu haki za mlaji: nianzie wapi?

KatibuWaKikoba
Wadau, habari za jioni. Tarehe 15 Machi, Siku ya Haki za Mlaji Duniani, tuna kikao hapa Mbagala, nami nimepewa nusu saa niongee na akina mama. Ninayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ila wenzangu nawajua: ukitaja kifungu tu, simu zinatoka mikobani. Nianzie wapi?

MuuzaGesi_Tandika
Dada katibu, makaratasi yaache nyumbani. Beba mtungi wa kilo 6 na mzani. Nauza gesi, najua nitawaudhi wenzangu, potelea mbali.

Juu ya mtungi pamegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Tuseme 7.4. Ukijaa, mzani usome 13.4. Ukisoma 12.6, gramu 800 umelipia na hujapewa. Hapo hakuna atakayesinzia, maana kila mmoja anaikumbuka gesi iliyokata maharage yakiwa bado magumu.

Muuzaji anatakiwa awe na mzani dukani, na kukupimia si hisani. Wangu upo hapo mbele kabisa, lakini mteja anautikisa mtungi, anasikiliza, anaondoka! Sijui huwa wanasikia nini. Wengine wanaona haya, eti ukiomba kupimiwa ni kama umeniita mwizi. Hiyo haya ndiyo uiongelee, dada, kuliko vifungu.

Mdau_Kkoo
Muuza gesi kamaliza. Mimi naongezea kile kibao cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Kibao hakifuti sheria: pasi ikiwa mbovu tangu dukani, una haki ya kudai. Ila ukiwa umebadili mawazo tu, hapo usigombane na mtu. Na wadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, la sivyo siku ya kwenda kulalamika FCC, yaani Tume ya Ushindani, watajieleza mpaka jasho liwatoke.

KatibuWaKikoba
Asanteni sana. Kaka, mzani wa jikoni utafaa?

MuuzaGesi_Tandika
Mizani ya jikoni mingi inaishia kilo 5, huo mtungi utauvunja. Njoo uazime wangu, una stika ya Wakala wa Vipimo. Ila uurudishe kabla ya saa kumi na moja, jioni ndiyo watu wanaishiwa gesi.