Watoto na michezo ya nje: tupeane uzoefu

Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanao akicheza nje, umeona mabadiliko gani? Naanza mimi. Wa kwangu ana miaka sita, na kumlaza usiku ilikuwa vita. Tulipoanza kumwachia akimbie nje jioni hadi jasho limtoke, usingizi ukawa unamchukua wenyewe, na asubuhi anaamka bila kununa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili walau dakika 60 kwa siku. Wa mwaka 1 hadi 4 dakika 180, hata zikigawanywa. Karibuni.

Mama Mapacha: Kwangu ni macho. Kaka yao alivaa miwani mapema, haoni mbali. Daktari akasisitiza mapacha watoke nje mchana, maana mwanga wa nje, hata kivulini, unazidi mara nyingi wa taa za ndani, na unasaidia jicho lisirefuke kupita kiasi, jambo linalomfanya mtoto asione mbali. Kule Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 30 hivi. Kwa wasioongezewa, karibu 40. Ila aliyekwisha kupewa miwani aendelee nayo.

Mwalimu wa Chekechea: Nina mtoto ambaye alikuwa haongei kabisa na wenzake. Siku moja baada ya mvua wakaanza kujenga bwawa la matope uani. Maji yanapenya, kila mmoja anatoa amri. Yeye akachuchumaa, akachomeka kijiti pale yanapovujia, akakandika udongo, kisha akasema, "Leteni mawe madogo, makubwa yanaacha nafasi." Wakaleta! Tangu hapo wanamwita fundi, na darasani ananyoosha mkono. Mimi nilikuwa pembeni, sikuingilia, na hilo ndilo ninalowaomba wazazi. Tuzuie hatari za kweli, yaani magari, maji yenye kina na vioo, mengine tuwaachie. Atajuaje tawi lipi litambeba ikiwa kila akipanda anasikia "shuka, utaanguka"?

Baba Binti: Na uchafu je? Mimi naogopa magonjwa.

Mwalimu wa Chekechea: Viatu, mikono kwa sabuni, na dawa za minyoo kadiri wahudumu wa afya wanavyoelekeza. Udongo wenyewe usikutishe, kaka. Utafiti wa Ufini uliotoka 2020 uliweka udongo wa msituni na nyasi kwenye viwanja vya vituo vya watoto. Ndani ya siku 28 tu, bakteria wa ngozini waliongezeka aina, na vipimo vya kinga ya mwili vikaonyesha mabadiliko mazuri.

Mama wa Ghorofani: Sisi hatuna uwanja, kwa hiyo majirani tumepangiana zamu. Jioni mzazi mmoja anawashusha watoto wote, wengine tunapumua kidogo. Mwanzoni walikuwa wanalilia simu. Siku hizi wanagombania kamba ya kuruka. Anayetaka kuanza, mkubaliane kwanza saa ya kushuka na nani anasimama getini.