Mlio wa kilohezi 15: kijana anausikia, mzazi hausikii

Wakuu, mlio wa kilohezi 15 (yaani mitetemo 15,000 kwa sekunde) ukipigwa kwenye simu, kijana wa miaka 16 anaziba masikio, wa miaka 50 hasikii kitu. Ni masikio au simu? Usikivu unapimwaje sawasawa?

JIBU 1
Kwa kawaida ni masikio. Seli za koklea (kiungo cha kusikia ndani ya sikio) zinazopokea sauti nyembamba zimekaa mlangoni kwake kabisa, ndizo hufa kwanza, na hazioti tena. Mtoto hufika karibu kilohezi 20. Wengi wa miaka 50 huishia kama 12. Kifaa cha Mosquito, kilichobuniwa Uingereza 2005 kufukuza vijana madukani, hutumia kilohezi 17.4 kwa sababu hiyohiyo.

JIBU 2
Lakini simu nayo hudanganya. Tumia faili la WAV (sauti isiyobanwa). MP3 nyingi hukata juu ya kilohezi 16. Vaa hedifoni za waya. Rekebisha sauti kwa mlio wa kilohezi 1, iwe ya wastani, kisha usiiguse tena. Anza 8, panda moja moja. Usiposikia, USIONGEZE sauti: mlio usiousikia bado unaweza kuumiza sikio. Ukisikia "tik" mwanzoni tu, huo sio mlio. Faili limeanza ghafla.

JIBU 3
Kutosikia kilohezi 15 hakuathiri mazungumzo. Mimi ningeangalia 2 hadi 8, zilipo "s", "f" na "th". Mzee anayesema "nakusikia ila sikuelewi", hasa penye kelele, apelekwe kupimwa. Sikio moja likififia ghafla, usisingizie umri: hospitali siku hiyohiyo.