Ajali ya ndege Kwale: redio imewataja wageni tu

Ndugu zangu, asalaam alaikum. Tangu jana, Oktoba 28, 2025, wenzangu kazini hapa Hamburg wananipa pole. Redio ilisema Wahungari wanane na Wajerumani wawili wamefariki Kenya, ndege ikitoka Diani kwenda Maasai Mara. Rubani Mkenya akatajwa mwisho, kama mtu aliyepita tu. Asubuhi waliandika watu 12, baadaye 11. Kaka yangu anafanya kazi hotelini Diani na simu yake haipatikani. Nimpate vipi?
Mdogo wenu, Hamburg

Pole sana mdogo wangu. Ndege iliondoka na watalii, lakini wanaowapeleka na kuwapakia ni ndugu zetu, kwa hiyo hofu yako naielewa. Acha kumpigia yeye, piga mapokezi ya hoteli. Wakikosa, tafuta chifu au mzee wa mtaa. Na idadi ya saa za mwanzo usiishikilie.

Julai 18, 2012 nilikuwa nakoroga uji hapa Seattle, televisheni ikatangaza kuwa feri ya zamani ya hapa imezama Zanzibar. Ilikuwa Skagit, ambayo zamani ilivusha watu wa kisiwa cha Vashon, ikauzwa mwaka 2011. Picha waliyoonyesha ilikuwa ya feri safi, imefungwa gatini kwao. Abiria wetu waliotoka Dar wakiwahi Ramadhani nyumbani walipewa sentensi moja. Mama yangu mdogo alikuwa Dar wiki hiyo. Uji uliungua.

Aliyenitoa gizani ni sheha wetu, usiku. Mama mdogo hakupanda. Jirani yake alipanda, hakurudi.

Sichukii gazeti kuanza na watu wake. Hata ya kwetu, basi likiua Wazungu wawili linapata ukurasa wa kwanza, likiua wachuuzi kumi linasukumwa ndani. Ninachokataa ni "na wenyeji kadhaa". Dereva ana jina, mpagazi ana jina. Wakikupa pole kazini, waambie habari za rubani pia.

Kaka amepatikana?
Dada yenu, Seattle

Alhamdulillahi, dada. Mapokezi walinipa. Alikuwa zamu, simu kaifungia kabatini. Anasema wale wageni wawili Wajerumani aliwabebea mizigo yeye mwenyewe, na hajala tangu jana.
Mdogo wenu, Hamburg