Tupeane uzoefu: gari la zamani lilianza kumisi (silinda inashindwa kuwaka), ilikuwa nini na ulitengenezaje?

Nyundo Ndogo: Wakuu, leo Kimara Mwisho nilikuwa nyuma ya Korola 110 inatetemeka kama inataka kupiga chafya, harufu ya petroli mbichi barabara nzima. Nikamhurumia mwenye nalo. Wenye magari ya miaka ya 90, yale ya distributa (kigawa moto wa plagi) na waya za plagi, hebu mwageni hapa. Ilikuwa nini, na ulitengeneza mwenyewe nyumbani au mafundi walikupeleka puta?

Fundi Nusu: Plagi tu. Badilisha ulale.

Dada wa Kitonga: Fundi Nusu, za kwangu zilikuwa mpya.

Tulikuwa tunaenda msibani Makambako. Korola hiyo hiyo, injini ya 5A-FE, tumejaa, mabegi, gunia la mchele kwenye buti. Tangu Mikumi nasikia inakatakata nikikanyaga, nikasingizia mafuta. Ruaha Mbuyuni ikatulia. Kupanda mlima Kitonga ndo ikasema ukweli. Kona za mwanzo tu nguvu hamna, natoka tatu narudi mbili, nakuja moja, gari linarukaruka, mbele lori la kontena, nyuma lori, pembeni korongo. Mama mkubwa kashaanza rozari. Likazima. Breki ya mkono ya gari la umri ule mnaijua wenyewe, tukaanza kurudi nyuma.

Utingo wa lori la nyuma aliruka na jiwe akalisukumia chini ya tairi kabla sijafungua hata mlango. "Dada, fungua boneti." Akachomoa waya wa plagi ya tatu, ukatoka unadondosha oili nyeusi, mpira wa mwisho umevimba. Tundu la plagi limejaa oili! Kumbe tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa inavujia ndani, ndo maana chini ya gari sikuwahi kuona tone. Akazungushia kitambaa kwenye bisibisi ndefu, akakausha tundu, akapangusa waya, tukawasha. Ikapanda hadi Ilula bila kukohoa. Niliporudi Dar nikabadilisha gasketi ya tapeti kava, zile pete za matundu ya plagi, na waya zote. Kazi ya asubuhi moja, uani kwangu.

Mama Wawili: Hiyo breki ya mkono 😂 Pole dada. Utingo hao wangepewa nishani.

Mkunazini: Sie huku Unguja tatizo chumvi. Ukifungua kifuniko cha distributa unakuta ncha za ndani zimeota ukungu wa kijani. Nikasugua kwa msasa, ikaenda, ikarudi pale pale. Nunua kifuniko na rota inayozunguka ndani yake kwa pamoja, acha kusugua.

Kamba ya Klachi: Kusugua kunatosha, watu mnapenda kununua. Kujua silinda iliyolala ni rahisi: injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa), chomoa waya mmoja mmoja. Mlio ukibadilika, hiyo nzima. Usipobadilika, umempata mchawi.

Fundi Nusu: Unachomoa kwa mkono, injini inawaka?

Kamba ya Klachi: Kwa mkono. Unaogopa nini?

Fundi Nusu: Ule moto ni maelfu ya volti. Halafu moto ukikosa pa kwenda unaweza kuua ignaita (kifaa cha kuwashia moto wa plagi), na petroli mbichi inaishia kwenye masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Chomoa soketi ya injekta, ile inayopuliza petroli, badala yake. Pale ni volti 12 tu, na jibu unapata lile lile.

Kamba ya Klachi: Hii kazi nimeanza wewe uko chekechea.

Fundi Nusu: Ndo maana unaandika kwa kidole kimoja.

Jirani Mwema: Acheni ugomvi niwape ya kwangu. Ilikuwa inamisi alfajiri na siku za mvua tu. Jua likitoka, safi. Ukiipeleka gereji saa nne asubuhi inanguruma vizuri, fundi ananiuliza kama nililala. Shemeji yangu akasema gari limechezewa, maana kuna jirani alilisifia sana siku nililolileta. Nikasafiri kwenda Mwanza, huku nyuma akamleta mtaalamu. Narudi nakuta damu ya kuku imekaukia kwenye boneti, manyoya ndani ya kichujio cha hewa, kitambaa chekundu chini ya usukani. Na ikatulia kweli! Mpaka mvua ya kwanza.

Mama Wawili: Subiri. Kuku mlimla?

Nyundo Ndogo: Manyoya kwenye kichujio, hapo hata lililo zima litamisi.

Kibajaji Tu: Namba ya mtaalamu tafadhali, yangu ni D4, ile injini ya Toyota inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda.

Mkunazini: D4 mganga mwenyewe akimbia.

Fundi Nusu: Hiyo ni waya zimepasuka, unyevu unavujisha moto. Subiri giza, washa injini, puliza maji kidogo kwenye waya kwa chupa ya kunyunyizia, usiguse kitu. Utaona cheche.

Jirani Mwema: Ndivyo tulivyofanya mwishowe. Tukazima taa za uani, tukapuliza, waya wa pili ukawaka bluu ukirukia kwenye chuma cha injini. Shemeji kuona vile: "Si nilisema kuna kitu?"

Mama Wawili: 😂😂😂 Kuku mlimla au hamkumla?

Kisimbo: Wenye IST na wenzake wa injini ya 1NZ, hamna waya, kila plagi ina koili yake. Kompyuta ikitoa kodi P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, zima injini, koili ya tatu ibadilishane na ya kwanza. Ikija P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, rudi kwenye plagi, injekta, au pima kompresheni. Na taa ya injini ikianza kupepesa acha kukanyaga, masega yanaungua.

Kibajaji Tu: Masega yapi, si yaling'olewa zamani. Mimi nauza, nanunua bodaboda.

Nyundo Ndogo: Dada wa Kitonga, zile pete zinakuja pamoja na gasketi?

Dada wa Kitonga: Mara nyingi mbali. Ulizia kabla hujaondoka dukani, na beba ya zamani ulinganishe, wasikupe ya injini nyingine, ya 3S.